Mashindano ya Picha Yachezwe Kama Ngoma

Meza ilikuwa ya kulia chakula, imetandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, na juu yake picha kumi na nne zimelazwa zikitazama juu. Kila moja ina namba kwa nyuma, haina jina. Tulikuwa watu tisa tumeizunguka, katika chumba cha nyuma cha studio moja mjini Kahama, Jumapili mchana, mlango umeachwa wazi ili upepo upite. Mwenzetu mmoja, ambaye siku za kazi ni fundi wa makarasha, mashine za kusaga mawe, akainua namba 6. Ilikuwa mikono ya mwanamke anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Kidole gumba kimoja kimefungwa kipande cha mpira wa tairi. Uso haumo. Fundi akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mpira huu haufungi mgeni wa kazi. Huyu ameshajiponda." Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo, hata aliyeipiga picha. Tukabishana karibu nusu saa, mmoja akitaka uso uonekane, mwingine akisema uso ungetunyang'anya mikono.

Kwangu mimi klabu ya picha ni nusu saa ile. Mengine yote, ratiba, michango, safari, vikombe, yapo ili nusu saa ile ipatikane tena mwezi ujao.

Nawaandikia ninyi mlioko Shinyanga mjini, Kahama, Geita, Katoro, Nyarugusu na kwingineko kwenye ukanda huu wa dhahabu na almasi, mnaopiga picha kwa kupenda: mwalimu mwenye kamera ya mtumba, dereva wa bodaboda mwenye simu nzuri, muuguzi, kijana wa studio aliyechoshwa na picha za pasipoti. Mnaniuliza klabu inaanzishwaje na mashindano yanaendeshwaje. Nitasema niliyoyaona yakifaa, na nitakaa zaidi kwenye mashindano, maana hapo ndipo vikundi vingi huvunjikia.

Huvunjika hivi. Watu kumi na wawili wanakutana, wanachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi. Kabla hawajapiga picha moja pamoja, wanatangaza mashindano makubwa yenye zawadi ya fedha na mgeni rasmi. Picha zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp, watu wanahesabu vidole gumba, na anashinda mwenye ndugu wengi kundini. Wiki ya pili wanne wamejitoa. Mwezi wa tatu kundi limebaki la kutangaza misiba na michango ya harusi. Aliyeshindwa hakuambiwa lolote kuhusu picha yake, na aliyeshinda pia hakuambiwa.

Inaniuma kwa sababu watu wa huku ni mabingwa wa kushindana kwa sanaa. Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, ngoma huanza. Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyoanzishwa karne ya 19 na Ngika na Gumha, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna anayesubiri zamu. Watazamaji wako huru kuhama, na ngoma inayowavuta wengi upande wake ndiyo iliyoshinda. Ndiyo maana wachezaji hawakuacha kubuni: nyoka, fisi, sanamu, mavazi, hatua ambayo mwaka jana haikuwapo. Aliyewahi kusimama Bujora siku ya tamasha la Bulabo anaijua hali ile ya kuvutwa na ngoma hii, kisha kusikia kelele za upande wa pili na kugeuza shingo. Hukumu inatolewa hadharani, na wanaoitoa wanatumia miguu yao. Anayeshindwa anaona palepale watu walimhama kwenye wimbo gani, halafu ana mwaka mzima wa kutengeneza.

Basi mashindano yenu ya picha yapangeni kwa kufuata mfano huo.

Anzeni na shindano dogo la kila mwezi. Mada itangazwe mwezi mmoja kabla, na iwe nyembamba. "Mazingira" si mada, "Utamaduni wetu" si mada. Hizo ni vichwa vya hotuba. Mada ni "mzigo juu ya baiskeli". Mada ni "mlango", au "saa saba mchana", au "mtu akiwa kazini bila kuonyesha uso wake", au "maji yanapofika nyumbani". Mada nyembamba inamtoa mtu nje akatafute, na inaziba njia kwa yule mwenye picha moja nzuri ya machweo ya Ziwa Victoria anayeileta kwenye kila shindano tangu aipige. Wekeni sharti kwamba picha iwe imepigwa ndani ya mwezi huo, na kila mtu alete zisizozidi mbili. Kuchagua mbili kati ya mia ni zoezi kubwa kuliko kuzipiga.

Picha zichapishwe. Najua ni gharama, lakini hata saizi ya 5 kwa 7 inatosha. Simu inakudanganya: kioo chake kinang'aa, kinaongeza rangi, na kila mtu anaitazama peke yake kwa sekunde mbili kisha anasukuma juu. Karatasi inalala mezani, watu wanainama vichwa vikigusana, mmoja anaigeuza kichwa chini ili aone maumbo bila kuona habari. Kwenye karatasi utagundua pia kwamba uso ulioutegemea umekuwa giza tupu, kosa ambalo kioo cha simu kilikuficha.

Namba nyuma ya picha, majina kwenye daftari la mtu mmoja asiyeshiriki mwezi huo. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mzee wa watu kwamba picha yake imepinda. Atasema "nzuri sana mzee," na mzee ataondoka na picha iliyopinda. Namba inamwondoa mzee mezani, inabaki picha. Kisha mdogo kuliko wote ndiye aanze kusema. Akitangulia mkubwa, wote watakaofuata watakuwa wanamuitikia.

Kusema kwenyewe kuna utaratibu. Kwanza tajeni kilichomo bila kukisifu wala kukikosoa: mwanamke, nyundo, kivuli kutoka kushoto, ndoo ya bluu kwenye kona. Watu huliona hili ni la kitoto hadi wafike kwenye ndoo ya bluu, ambayo mpiga picha mwenyewe hakujua kama imo. Baada ya hapo kila mmoja aonyeshe kwa kidole jicho lake lilitua wapi kwanza. Vidole sita vikitua kwenye ndoo, maneno hayahitajiki tena. Ndipo mjadili nini kingeondolewa, nani alipaswa kusogea hatua mbili, na wapi angesimama. Mwenye picha anyamaze mpaka mwisho. Hilo ni gumu kuliko yote, na nimeona watu wazima wakitetemeka mguu chini ya meza, lakini picha itakayotundikwa ukutani haitakuwa na mwenyewe pembeni ya kuieleza.

Waamuzi watatu wanatosha, na mmoja asiwe mpiga picha. Tumewahi kumwalika mama anayeuza vitenge sokoni, na hakuna aliyewahi kutufundisha rangi kama yeye. Alitoa picha mbili nje kwa sababu "nguo ya nyuma inampigia kelele mwenye sura". Kila mwamuzi achague picha moja na aitetee kwa mdomo mbele ya wote. Alama za kujumlisha na kugawanya huipa ushindi picha isiyomkera mtu, na picha ya namna hiyo mara nyingi haimgusi mtu pia. Mgeni rasmi mkaribisheni, mpeni kiti na soda, ila kalamu ya uamuzi msimpe.

Zawadi? Mwaka wa kwanza isiwe fedha. Picha iliyoshinda ichapishwe kubwa, iwekwe fremu, na fremu hiyo apewe aliyepigwa picha. Mshindi anapata heshima nyingine: mkutano unaofuata anatupeleka pale alipoipigia na kutuonyesha alisimama wapi.

Kuna kanuni moja isiyo na mjadala, nayo ni ukweli wa picha na wa maelezo yake. Mwaka 2015 World Press Photo walimvua tuzo Mwitaliano Giovanni Troilo aliyewasilisha picha kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, baada ya kugundulika kwamba mojawapo ilipigwa Brussels. Kabla ya hapo picha ya mbwa mwitu akiruka lango, iliyoshinda shindano kubwa la wanyamapori Uingereza mwaka 2009, ilifutwa kwa sababu waamuzi waliamini mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Kwetu uongo huja kwa sura ndogo zaidi: mchimbaji anayeombwa arudie kubeba kiroba alichokwisha kutua, mtoto wa jirani anayepakwa vumbi ili afanane na wa mgodini. Kupunguza pembeni, kuongeza mwanga, kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, ruksa. Kuongeza au kuondoa kitu, hapana. Na sasa akili mnemba imeingia. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kwenye Sony World Photography Awards kwa picha iliyotengenezwa na kompyuta, akaikataa tuzo ili mjadala uanze. Ninyi msingoje mjadala: mshindi aonyeshe faili la awali kutoka kwenye kamera au simu yake, pamoja na picha zilizotangulia na zilizofuata. Mtu aliyekuwapo mahali huwa na picha sita mbovu za palepale.

Lakini hata picha ya kweli inaweza kumdhuru aliyepigwa. Hapa nikae kidogo, kwa sababu ni jambo linaloninyima usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha ya bibi mmoja kijijini, wilaya ya Kishapu. Alikuwa ameketi mlangoni pa jiko lake, moshi wa kinyesi cha ng'ombe nyuma yake, mwanga wa saa kumi na moja jioni ukimwingia ubavuni. Macho yake yalikuwa mekundu, makali, mazuri. Niliongeza wekundu kidogo kwenye kompyuta. Picha ilishinda, ikatundikwa ukumbini kwenye maonesho ya siku tatu, chini yake jina la kijiji. Siku ya pili kijana mmoja alinisubiri nje. Alikuwa mjukuu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, unajua macho mekundu kwetu yana maana gani?"

Nilijua. Kila aliyekulia Shinyanga anajua. Vikongwe wameuawa mkoani humu, na Geita, na Mwanza, na Simiyu, wakiitwa wachawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Mimi nilikuwa nimeyaona macho yale kama rangi. Nilishusha picha saa ileile na kufuta jina la kijiji kila nilipoliandika, lakini watu walikuwa wameshaipiga kwa simu zao. Bibi aliishi, namshukuru Mungu. Ila sikuwa mimi niliyemlinda.

Tangu hapo klabu ninayoshiriki haipokei picha yenye uso wa kikongwe pamoja na jina la mahali. Vilevile kwa watu wenye ualbino: mikoa yetu ina historia ya kutisha ya mashambulizi dhidi yao, kiasi kwamba watoto walitenganishwa na wazazi wao na kulelewa vituoni, kama pale Buhangija, ili wawe salama. Usimpige picha mtoto mwenye ualbino na kuandika anasoma wapi au anakaa wapi, hata kama nia yako ni kumtetea. Na zima kwenye simu ile sehemu inayohifadhi mahali picha ilipopigwa; faili hubeba habari hiyo kimyakimya.

Migodini, wa kulindwa hivyo ni watoto. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo, Geita na Kahama zikiwamo. Ukikutana na mtoto kwenye mwalo, pale dhahabu inapooshwa, ameshika zebaki, picha ya uso wake haitamtoa pale. Itamtoa mzazi wake kwenye simulizi na kumweka yeye kwenye simu za watu. Piga mikono, mpigie kwa nyuma, au weka kamera begini uende kwa mtendaji wa kijiji.

Mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walikwenda Minamata, Japani, mwaka 1971, mahali ambapo kiwanda kilimwaga zebaki baharini ikawaharibu watu kwa kupitia samaki. Picha yao ya mama akimwogesha binti yake Tomoko iliuzunguka ulimwengu wote. Tomoko alifariki mwaka 1977. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Aileen aliacha kuiruhusu ichapishwe kwa sababu wazazi walitaka binti yao apumzike. Mkataba wa kimataifa wa zebaki, unaowahusu moja kwa moja wachimbaji wetu wanaoichanganya kwa mikono mitupu, unaitwa kwa jina la mji ule. Ninaposema klabu iwe na kanuni ya kushusha picha pale mhusika anapoomba, bila kumdai sababu, natoa mfano huo. Picha kubwa kuliko zote tutakazopiga ilishushwa.

Ruhusa basi iombwe, na iombwe kwa lugha ya mtu. Anza na salamu: "Mwangaluka, mayu," asubuhi, "Mwadila" jua likishageuka. Keti. Eleza picha itatundikwa wapi, itaingia kwenye shindano gani, na kama itatoka Tanzania. Mwonyeshe uliyoipiga. Akikataa, mshukuru, "wabeja", na ubaki kwenye mazungumzo. Ukiondoka papo hapo umemwambia kwamba ulichotaka ni sura yake tu. Tangu mwaka 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na ni vizuri katibu wa klabu aisome, lakini adabu hii ni ya zamani kuliko sheria.

Sasa safari. Mara moja kwa mwezi tokeni pamoja, watu wasiozidi wanane. Wakizidi, kijiji kizima kinasimama kuwatazama ninyi.

Mjue jua la kwenu. Geita na Shinyanga ziko magharibi sana kwa saa tunayoitumia, hivyo jua la Geita huchomoza na kuzama karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado una mwanga wa kufanyia kazi. Lakini tuko jirani na ikweta, na jua linapanda upesi; kufikia saa tatu asubuhi macho ya mtu yameshazama kwenye mashimo ya kivuli. Mapema Oktoba na katikati ya Machi linapita karibu kabisa na utosi. Mchana kama huo mwingize mtu chini ya mwembe au kibarazani, uso wake uelekee kwenye uwazi, gusa uso kwenye kioo cha simu na upandishe mwanga mpaka ngozi isomeke. Ngozi nyeusi mbele ya mbingu nyeupe huifanya kamera ipige mbingu na kumsahau mtu. Anga likiungua kwenye picha, liungue.

Vumbi la makarasha ni adui wa mapafu kabla ya kuwa adui wa lenzi. Ni vumbi la mawe, fungeni pua kwa barakoa nzuri, msikae ndani ya wingu lake kutafuta miale. Lenzi msibadilishe pale. Na panapochomwa zebaki msisogee kabisa, hata moshi usipoonekana: mvuke wake hauna rangi wala harufu. Hakuna picha ya kuchukulia hapo.

Kuingia machimboni kuna wenyewe. Mwenye leseni anajua, meneja wa duara, yaani shimo la kuchimbia, anajua, na mlinzi getini hajui lolote hadi wawili hao wamwambie. Pelekeni barua siku chache kabla, mtaje majina yenu wote, na msiwashangae wakiwashuku. Mahali penye dhahabu kamera ni kitu cha kuulizwa. Migodi mikubwa ina idara za uhusiano, andikeni huko, na droni iacheni nyumbani mpaka muwe na kibali cha mamlaka ya anga.

Mkishaingia mtashikwa na tamaa ya kupanda juu ya kichuguu na kupiga umati wa watu wenye viroba. Tamaa hiyo inatoka kwa Sebastião Salgado na picha zake za Serra Pelada, Brazili, za mwaka 1986, maelfu ya watu kwenye ngazi za miti kama siafu. Zile zilishapigwa, na Salgado alikaa wiki kadhaa kuzipata. Ninyi mna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: mnarudi kesho. Mnamjua mama ntilie wa pale, mnajua anayesubiri marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, yauzwe ili alipe ada. Chagueni mtu mmoja na mumfuate kwa miezi sita, kwa ridhaa yake, mpaka asahau kwamba mna kamera.

Safari ninayoipenda kuliko zote haina dhahabu. Kati ya mwaka 1986 na 2004 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliwarudishia watu wa mkoa huu ngitili, yale malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Nchi iliyokuwa imeanza kuitwa jangwa ikaota miti tena, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Tafuteni kwa wazee, kwenye albamu za familia, picha yoyote ya zamani inayoonyesha kilima, kisima au mti unaotambulika. Nendeni mpaka mpate mahali hasa mpiga picha yule aliposimama; mawe ya Shinyanga hayahami, yatawaongoza. Pigeni tena. Kisha wekeni kigingi, na mrudi hapohapo kila Agosti na kila Machi. Hata waliopiga picha za foleni ya kivuko cha Busisi bila sababu yoyote sasa wana hazina, maana tangu daraja la hapo lilipofunguliwa mwaka 2025 foleni ile haipo tena. Mgodi wa Buzwagi uliacha kuzalisha mwaka 2021. Nani ana picha za geti saa ya kubadilishana zamu? Klabu iwe na sanduku la faili hizo, diski mbili mahali pawili tofauti, kila picha na tarehe.

Kuhusu mashindano ya nje nitasema kwa kifupi. Shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014, linawapokea wasio na jina na wenye simu, na huwa na mada: chakula, ngoma, watu kazini, hali ya hewa. Ila ukiweka picha pale umeiruhusu itumiwe na yeyote kwa kutaja jina lako, hata kwa biashara, basi rudini kwenye kanuni ya yule bibi kabla ya kubonyeza. Kampala, tuzo ya picha za habari ya Uganda ilianza mwaka 2012 na ikazaa pia tuzo ya Afrika Mashariki. Mengine someni masharti yake hadi mstari wa mwisho. Shindano linalochukua haki zote za picha za kila aliyeshiriki, hata aliyeshindwa, linakusanya picha za bure kwa ajili ya matangazo. Liacheni.

Vifaa havistahili aya ndefu. Simu iliyopanguswa lenzi inashinda kamera chafu. Michango iwe midogo na daftari lisomwe hadharani. Usajili ulizieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri mtakapofikisha mwaka, mkiwa bado mnakutana.

Kinachobaki ni maonesho ya mwaka. Geita kila Septemba kuelekea Oktoba kuna maonesho ya teknolojia ya madini pale Bombambili, watu ni wengi, na kuomba kona ya ukuta hapo ni jambo la kujaribu. Lakini msiache mnada. Siku ya mnada fungeni kamba kati ya miti miwili, upande ambao jua halitazipiga picha, mzibane kwa vibanio vya nguo, picha ishirini, usawa wa macho. Chini ya kila picha wekeni kopo tupu la maziwa. Kila mpita njia apewe punje moja ya mahindi, aitumbukize kwenye kopo la picha anayoitaka, na mmoja wenu asimame karibu amuulize kwa nini, aandike jibu kwa maneno yake mwenyewe.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mzee mmoja mwenye fimbo alizunguka kamba mara tatu bila kutoa punje yake. Picha iliyokuwa ikiongoza ilikuwa ya ngoma, vumbi na manyoya, kopo limejaa. Yeye akasimama mbele ya namba 6, mikono ya mwanamke na nyundo. Aliitazama, akaangalia gumba lake mwenyewe, akatumbukiza punje. Tulipomuuliza, alisema nyundo ile mpini wake umewekwa kinyume, na aliyeuweka hivyo ni mtu wa mkono wa kushoto. Mkewe alikuwa hivyo. Kisha akauliza kama picha ile inauzwa. Tukamwambia ina mwenyewe, tukamwonyesha njia ya kwenda mialoni kwake.